Ricky Nelson, Mtoto wa Jumatano Usiku

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi ni Zuhura, mwenzangu ni Mbwana, ambaye leo kaja na kahawa yake na hajasoma chochote.

MBWANA: Nimesoma kichwa cha habari. Kijana ana sura nzuri, mabinti wanazimia, halafu mambo yanaharibika. Si ndiyo stori ya mastaa wote?

ZUHURA: Huyu alikulia ndani ya kipindi, Mbwana. Anaitwa Ricky Nelson, kazaliwa Mei 1940 huko New Jersey. Baba yake, Ozzie, alikuwa na bendi ya dansi, na mama yake, Harriet, aliimba katika bendi hiyohiyo. Mwaka 1944 wakaanzisha mchezo wa redioni kuhusu familia yao wenyewe. Wana watoto wawili, David na Ricky, lakini redioni wanaigizwa na watoto wengine.

MBWANA: Ngoja. Watoto wako umewaacha chumbani, unaenda kukodi wa jirani?

ZUHURA: Mpaka 1949, wale wa kuzaa walipoingia wenyewe. Ricky alikuwa na miaka minane. Oktoba 1952 kipindi kikahamia televisheni ya ABC, kikaendelea hadi 1966. Vipindi 435! Kaanza mtoto wa shule, kamaliza ana mke na binti, na mkewe naye kaingizwa kwenye kipindi.

MBWANA: Kilikuwa kinahusu nini muda wote huo?

ZUHURA: Mambo ya nyumbani tu. Baba kavaa sweta anazungukazunguka, mama kaandaa chakula, vijana wana vituko vyao. Hata ile nyumba inayoonekana kwa nje ndiyo waliyokuwa wakiishi, pale Hollywood. Ozzie anaandika, Ozzie anaongoza, Ozzie anatayarisha. Wamarekani walikuwa na utani mmoja: hivi huyu baba anafanya kazi gani? Siku zote yupo nyumbani.

MBWANA: Kwetu mjumbe wa nyumba kumi angeshapita kuuliza.

ZUHURA: Sasa, muziki. Ricky mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alikuwa na binti garini, wimbo wa Elvis ukapigwa redioni, binti akaanza kuhema. Ricky kwa wivu akamwambia, na mimi natoa santuri. Binti akacheka.

MBWANA: Eh, kicheko kile kimegharimu.

ZUHURA: Jumatano, tarehe 10 Aprili 1957. Ricky ana miaka 16. Kwenye kipindi anaimba “I'm Walkin'”, wimbo wa Fats Domino.

MBWANA: Hapo nisimame kidogo, dada. Fats ni mtu mweusi wa New Orleans, na wimbo ni wake, wa mwaka uleule. Kwa hiyo kuna sebule za Kizungu ambazo Fats mwenyewe asingekaribishwa, ila wimbo wake ukapita mlangoni kwa mdomo wa kijana mweupe?

ZUHURA: Ndivyo ilivyokuwa, na tusilipambe. Ricky alimpenda Fats kweli, hata baada ya muda mfupi akahamia Imperial, lebo ileile ya Fats. Lakini mlango ulifunguliwa kwa nani, hilo liko wazi. Na angalia ujanja wa Ozzie. Wasanii wengine wanabembeleza watangazaji wa redio wapigiwe wimbo mara moja. Huyu ana nafasi yake mwisho wa kipindi, mbele ya familia nzima. Wazazi waliomwogopa Elvis na viuno vyake walimwona Ricky dakika ishirini zilizopita akimwitikia mama yake mezani. Utamkataza binti asimpende mtoto mwenye adabu vile?

MBWANA: Mkwe kashaletwa nyumbani, bado posa tu.

ZUHURA: Tena sauti haikuwa kubwa. Ni ya chini, tulivu, kama hataki kuamsha watu. Lakini nyuma yake alimweka James Burton kwenye gitaa, kijana wa Louisiana, ambaye miaka ya baadaye Elvis mwenyewe alimchukua. Ukisikiliza zile santuri leo, sikiliza gitaa. Ndiyo maana nakasirika wakisema Ricky alikuwa sura tu. Mwenye sura tu hachagui mpiga gitaa wa namna ile.

MBWANA: Na chati zinasemaje?

ZUHURA: Jarida la muziki la Marekani, Billboard, walipoanzisha ile Hot 100, chati yao ya nyimbo mia zinazovuma, wimbo wa kwanza kabisa kukaa namba moja, tarehe 4 Agosti 1958, ni wake: “Poor Little Fool”. Mwaka uliofuata yuko kwenye filamu ya makauboi na John Wayne. Halafu 1961, “Travelin' Man”, wimbo wa baharia mwenye mchumba kila bandari.

MBWANA: Huyo tunamjua. Mombasa wako wengi.

ZUHURA: Na Tanga kwenu! Basi Ozzie akachukua picha za nchi za mbali, akazipandisha juu ya picha ya Ricky akiimba, akazirusha mwisho wa kipindi. Wengi wanaitaja kama moja ya video za muziki za mwanzo. Mwaka huohuo Ricky katimiza miaka 21, akatangaza: kuanzia leo niiteni Rick.

MBWANA: Wakamwita?

ZUHURA: Kwenye santuri, ndiyo. Mtaani kabaki Ricky. Na hapo ndipo mimi naona kushuka kulipoanzia, si kwa Beatles, ile bendi ya Uingereza.

MBWANA: Aa, dada, Beatles walifagia wote! Wamefika Marekani Februari 1964, baada ya hapo nani alibaki?

ZUHURA: Hesabu unayo. Wimbo wake “For You” uliingia kumi bora mwanzoni mwa 1964, na hakurudi tena humo kwa miaka minane. Lakini wenziwe waliofagiwa walikuwa na pa kujificha. Wangepotea kidogo, wafuge ndevu, warudi watu wengine. Huyu kila wiki yuko sebuleni kwa watu, chini ya baba yake, akiwa yuleyule. Kipindi kinakufa 1966, ana miaka 25, na nchi nzima inaamini inamjua kuliko anavyojijua.

MBWANA: Kama mtoto wa jirani uliyemnawisha. Hata awe waziri, ukimwona unamuuliza kama amekula.

ZUHURA: Mwisho wa miaka ya sitini akaunda Stone Canyon Band, akaingia muziki wa kantri uliochanganywa na roki.

MBWANA: Kantri hapo umenigusa. Mzee wangu bado ana kanda za Jim Reeves, na ole wako uziguse.

ZUHURA: Basi Mzee angemwelewa. Waliokwenda Madison Square Garden, New York, Oktoba 1971, hawakumwelewa. Ni tamasha la nyimbo za zamani. Anapanda jukwaani nywele mabegani, nguo za kisasa. Anawapa za zamani, wanashangilia. Anaingiza wimbo wa Rolling Stones, bendi ya roki ya siku zile, kuzomea kunaanza.

MBWANA: Wamemzomea mkwe!

ZUHURA: Wapo wanaosema waliozomewa ni polisi, waliokuwa wakitoa watu nyuma ya ukumbi. Huenda. Yeye aliipokea kama yake, akaondoka jukwaani. Akaenda akaandika “Garden Party”, ambamo anasema kama kumbukumbu ndizo pekee za kuimba, bora akaendeshe lori.

MBWANA: Hiyo kali.

ZUHURA: Mwaka 1972 ikafika namba sita. Kaiandika mwenyewe, ina uchungu na utani pamoja, na hakuna baba aliyeongoza kamera. Kwangu huo ndio wimbo wake bora, na ndio wa mwisho kufika juu namna hiyo.

MBWANA: Baada ya hapo?

ZUHURA: Barabarani, kumbi ndogo, ndoa ikavunjika. Cha kuuma ni kwamba nyimbo za zamani alizozikimbia ndizo zilizomlisha. Ila 1985 akapanda jukwaa moja na Fats Domino, huko Los Angeles, onyesho likarekodiwa. Miaka 28 tangu ile Jumatano.

MBWANA: Afadhali walikutana.

ZUHURA: Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo alikuwa angani kuelekea Dallas kwa onyesho la mwaka mpya. Ndege ni DC-3 kuukuu. Moto ukawaka ndani, wakatua kwa dharura karibu na De Kalb, Texas. Abiria wote saba walikufa, yeye na mchumba wake wakiwemo. Marubani wawili wakapona. Alikuwa na miaka 45.

MBWANA: Inna lillahi.

ZUHURA: Magazeti yakakimbilia uvumi wa dawa za kulevya kuwasha moto. Maelezo ya hita mbovu ya ndege hayakupewa ukubwa ule.

MBWANA: Na watoto?

ZUHURA: Mapacha wake, Matthew na Gunnar, nao wakawa waimbaji, wakashika namba moja mwaka 1990. Nywele ndefu kuliko za baba, na hakuna aliyewazomea.

MBWANA: Haya. Lakini dada, hujanijibu. Yule mzee Ozzie, pale kwenye kipindi, alikuwa anafanya kazi gani?

ZUHURA: Vipindi 435, Mbwana. Hawakusema.