Taulo Ndilo Linalokata Nywele Zenu

Asalaam aleikum dada zangu, na mama zangu mliokaa nyuma, shikamooni. Hili nimelisema Chumbageni, nimelisema Makorora, leo nalisema hapa Ngamiani. Mnanunua mafuta, mnalipia stimingi, halafu mnalalamika nywele hazikui. Zinakua! Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Wewe ndiye unayezikata huku chini kila unapozikausha.

Unywele mbichi ni dhaifu. Umenywa maji, umevimba, unavutika ovyo na kukatika upesi. Juu yake una vigamba vilivyolaliana kama makuti ya paa, na ukisugua kwa taulo unavinyanyua. Nywele zetu zenye mikunjo ndizo zinazoumia zaidi, maana kila mkunjo ni mahali pa kukatikia. Mtazameni msusi mwenye haraka: mteja ametoka kwenye sinki, maji yanamchuruzika shingoni, anasuguliwa mpaka kichwa kinayumba, kisha kitana chenye meno membamba kinaanzia kwenye mashina. Likung'ute lile taulo mlangoni kwenye mwanga. Utaona vipande vifupi vifupi, havina kile kishina cheupe. Hivyo havikung'oka kichwani, vimekatika.

Chukua kanga iliyofuliwa mpaka ikalegea, au fulana ya pamba. Gawa nywele mafungu manne, kila fungu ulifunike na kulibonyeza kutoka juu mpaka kwenye ncha. Usisokote. Kanga ikilowa, geuza upande mkavu. Kuchana, chanuo pana, anzia kwenye ncha.

Najua kuna atakayesema, mbona bibi zetu walijifunga kanga nywele zikiwa mbichi na zikawafika mabegani? Bibi yako alikaa uani, akafumua, zikapigwa upepo, akapakwa mafuta ya nazi ndipo akasukwa. Wala hakuwekwa dawa ya kulainisha nywele wiki iliyopita. Wewe unaosha alfajiri, unabana kwa mpira, unavaa mtandio, unakwenda kazini. Jioni unafungua, mashina bado mabichi! Kwa unyevu wa Tanga wakati wa masika, zikaukie wapi humo ndani? Joto na majimaji kutwa nzima, fangasi wa mba watakosaje kustawi? Sisemi mvue ushungi, hasha. Osheni mapema siku mnayoshinda nyumbani, zikauke kwanza.

Wengine mmesusia draya kabisa. Mwaka 2011 watafiti wa Korea Kusini waliipima: ikiwa sentimita 5 kutoka kwenye nywele, joto lilifika nyuzi 95, sentimita 10, nyuzi 61, sentimita 15, nyuzi 47. Kadiri ilivyosogezwa karibu ndivyo nje ya unywele ilivyoharibika. Lakini nywele zilizoachwa zikauke zenyewe ziliumia ndani, na wao wanadhani ni kwa kukaa na maji muda mrefu. Wakashauri sentimita 15, mkono ukizunguka bila kutulia. Rula fupi ya mwanao wa shule ndiyo sentimita 15 hizo, nendeni mkapimie.

Pasi ya kunyooshea nywele kwenye nywele mbichi, marufuku. Maji yaliyomo huchemka na kuacha mapovu ndani ya unywele, na hapo hakuna stimingi ya kuuponya.

Ya mafuta ya nazi kabla ya kuosha tutayasema siku nyingine, muda umeniishia. Wenye kanga na chanuo wapite mbele tufanye kwa vitendo. Na yule mama yangu wa kiti cha mwisho, mwenye mtandio uliolowa kisogoni, aje wa kwanza.