Pima Kijiti Kabla Hujashusha Gia Boksi

Ndugu mafundi, na nyinyi wenye magari mliokuja kusikiliza, karibuni. Somo letu ni klachi. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ni nini na pleti inayobanwa juu yake inakaa wapi mnajua, sitapoteza muda huko. Nina neno moja nililolisema Mwanga, nikalisema Ujiji, na leo nalirudia hapa: gia boksi isishuke kabla hujapima mwendo wa kijiti cha pampu ya chini ya klachi, ile inayosukumwa na mafuta kutoka pampu ya juu ukikanyaga pedali.

Tazameni tunavyofanya. Linaletwa gari la michezo la zamani, tuseme Roadster ya Mazda kama hii iliyo mbele yenu, au Celica, au Subaru yenye tabo. Mwenyewe anasema gia haziingii. Fundi anakanyaga pedali mara moja, anatikisa mkono wa gia, anatoa hukumu: klachi imekwisha, leta kiti nzima, yaani seti ya klachi. Kiti inaagizwa Dar es Salaam. Gari linakaa juu ya mawe, gia boksi imelala kwenye gunia. Kiti inafika, inafungwa, na gia bado haziingii. Hapo lawama zote zinahamia kwa muuza spea.

Jamani, klachi iliyokwisha hailii hivyo. Pleti ikiisha, klachi inateleza: unakanyaga mafuta, injini inapandisha mzunguko, gari linabaki palepale. Gia zikikataa kuingia, tatizo ni klachi kutoachia. Moja haishiki, nyingine haiachii. Hayo ni magonjwa yanayopingana, na sisi tunayatibu kwa dawa moja, tena ile ya gharama kuliko zote.

Kwa hiyo anza na maswali. Gia zinakataa gari likiwa baridi au likishapata moto? Ukikanyaga pedali mara mbili tatu za haraka, zinaingia? Zikiingia baada ya kupampu, acha boksi ilipo. Ndani ya mfumo wa mafuta ya klachi kuna upepo, au kupu, ile raba ya ndani ya pampu, imechoka. Pedali inarudi juu yenyewe au inabaki chini? Kisha washa injini, iache kwenye sailensa bila kukanyaga mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tano, halafu tia rivasi taratibu. Kwenye gia boksi nyingi za zamani rivasi haina sinkro, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, kwa hiyo haifichi kitu: ikisaga, shafti ya boksi bado inazungushwa na injini, klachi haijaachia. Weka pia gia ya kwanza, shikilia pedali chini nusu dakika bila kuipampu. Gari likianza kujivuta lenyewe wakati mguu wako haujasogea, presha inatoroka.

Sasa njoni karibu na gari hili. Pampu ya chini ipo ubavuni mwa gia boksi, inashikwa na bolti mbili, na mbele yake kuna mpira wa vumbi ambao kijiti kinatokea ndani yake. Mwenzenu atakaa kwenye usukani. Mimi naweka rula sambamba na kijiti. Kanyaga mpaka chini, shikilia. Kwa magari mengi ya aina hii kijiti kinatakiwa kutoka kama milimita 10 hadi 15. Hapa mnaona kimetoka milimita 6. Milimita 6 haziwezi kusukuma foku, ule mkono unaosogeza beringi ya kuachia, vya kutosha; beringi haivifikishi vidole vya presha pleti, ile inayobana pleti kwenye flaiwili, inapotakiwa, na pleti inabaki imebanwa nusu. Hata ukifunga kiti mpya ya kiwandani, kwa milimita 6 gia hazitaingia. Kipimo hiki hakichukui hata dakika tano, na kinahitaji rula ya mtoto wa shule.

Sasa naukunja mpira wa vumbi nyuma. Angalieni kinachotoka. Kama lingekuwa vumbi jekundu kavu, pampu hii ningeiachia heshima yake. Lakini hiki ni kioevu cheusi, kizito, kimeacha pete ya unyevu kuzunguka mdomo wa silinda. Ule weusi ni raba ya kupu inayosagika kidogo kidogo. Unyevu wa jasho tu kwenye pampu ya zamani unakwambia uanze kutafuta spea. Ukifunua na mafuta yakadondoka, gari hili lisipelekwe Kasulu leo.

Halafu usiishie chini. Ingia ndani, piga magoti, angaza tochi pale kijiti cha pedali kinapoingia kwenye pampu ya juu. Pitisha kidole nyuma ya pampu. Kikitoka na unyevu, au ukiona rangi ya bodi imechubuka na kumenyeka chini yake, sili ya nyuma imevuja siku nyingi. Mafuta ya breki yanakula rangi. Yakimwagika kwenye bodi, osha kwa maji mengi papo hapo, usifute kwa tambara kavu ukadhani umemaliza.

Mtu ataniuliza: mbona kikopo cha mafuta ya klachi kimejaa, hakijapungua hata kidogo? Hilo ndilo linalowapoteza wengi. Pampu ya juu inaweza kufa bila kudondosha tone. Kupu ya mbele ikichakaa, ukikanyaga, mafuta yanapita pembeni mwake ndani kwa ndani na kurudi kwenye kikopo. Nje pakavu, kikopo kimejaa, na pedali inazama. Ile nusu dakika ya kushikilia pedali ndiyo inayolifichua.

Na kama pedali ni ngumu vizuri, hakuna uvujaji, lakini kijiti bado kinatoka kifupi? Angalia chuma. Gari la mwaka 1990 limekanyagwa mara zisizohesabika. Pini inayounganisha pedali na kijiti imekula tundu lake mpaka likawa yai. Mwendo unapotea pale kabla haujafika kwenye mafuta. Shika pia mpira wa kupitishia mafuta wakati mwenzako anakanyaga: ukihisi unavimba mkononi, presha yako inaishia humo.

Sasa mafuta yenyewe, maana hapa ndipo tunapoua magari. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanavuta unyevu kutoka hewani. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka mpaka 140. DOT 4 inaanzia 230, ikishuka 155. Sisi tunaishi ukingoni mwa ziwa, hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Na mfumo wa klachi ni njia isiyo na mlango wa kutokea: mafuta hayazunguki, uchafu na maji vinakwenda kutulia kwenye pampu ya chini na kuanza kula ukuta wa silinda. Badilisha kila miaka miwili. Chupa ya nusu lita inatosha na kubaki.

Atatokea wa kusema mafuta ni mafuta, weka hata ya injini. Hapana! Mafuta ya injini yanavimbisha raba. Ukiyaweka, kupu zote, juu na chini, zinafura na kukwama, na utabadilisha kila chenye raba katika mfumo ule. DOT 5 nayo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi, usiiguse. Kilichoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo ndicho unachonunua, na chupa iwe haijafunguliwa.

Ukibadilisha pampu, badilisha zote mbili. Najua mteja atalalamika. Mweleze hivi: kupu mpya inaleta presha kamili, na ile kuukuu ya upande wa pili, iliyozoea presha legevu, mara nyingi haichelewi kufuata. Na kiti ya raba peke yake ni halali pale tu ukuta wa silinda ni laini. Ifungue, ifute, pitisha ukucha. Ukucha ukinasa kwenye vishimo vya kutu, hakuna raba itakayodumu humo, na kusugua kwa msasa mkali ni kuongeza mikwaruzo tu.

Kutoa upepo: nyonya mafuta machafu kwenye kikopo, jaza mapya, vika mpira mwembamba kwenye nipeli ya kutolea upepo iliyo kwenye pampu ya chini, ncha ya pili izame ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Mwenzako akanyage taratibu na kushikilia. Fungua nipeli robo mzunguko, yatoke, funga, ndipo aachie. Kufunga ni kabla ya kuachia, si baada. Pedali inaweza kubaki chini mwanzoni, ainyanyue kwa mkono. Rudia mara 10 hadi 15, na kila mara ya nne mtu aangalie kikopo, maana kikikauka unaanza upya. Pedali ikibaki laini, sukuma kijiti cha pampu ya chini kirudi ndani polepole kwa mkono, nipeli ikiwa imefungwa. Vipovu vilivyojificha vitapanda vyenyewe mpaka kwenye kikopo.

Sasa wale wa kuteleza. Jaribio lake ni mlima, na Kigoma mlima tunao. Panda kutoka stesheni kwenda Mwanga kwa gia ya tatu au ya nne, barabara ikiwa wazi, kanyaga mafuta. Mzunguko ukipanda na mwendo usipande, inateleza. Lile la kuvuta handbreki na kuachia klachi kwenye gia ya tatu fanyeni mara moja tu. Ukirudia rudia, unaichoma mwenyewe.

Lakini hata hapa, ngoja kidogo na jeki yako! Klachi inaweza kuteleza kwa sababu ya presha iliyonaswa. Kijiti cha pedali kikirekebishwa kirefu mno, pistoni ya pampu ya juu hairudi mwisho, na kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye kikopo kinabaki kimezibwa. Injini ikipata moto mafuta yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma beringi, na klachi inajiachia yenyewe ukiwa barabarani. Dalili yake: asubuhi nzima, mchana inateleza. Wakati inateleza hivyo, simama, fungua nipeli ya pampu ya chini. Yakiruka kwa nguvu bila mtu kukanyaga, na ukifunga gari linapanda vizuri, pleti yako haina kosa. Rekebisha kijiti mpaka juu ya pedali pawe na nafasi ya milimita 1 hadi 5 ya kucheza kabla haijaanza kusukuma. Mpira wa mafuta uliovimba kwa ndani nao unaweza kuziba njia ya kurudi namna hiyohiyo.

Naona muda umekwenda. Basi, umepima, kijiti kinatoka milimita 12, na bado haiachii. Au inateleza baridi na moto. Sasa shusha. Ila kama gari lilikaa masika nzima bila kuwashwa, jua kwamba pleti inaweza kuwa imeganda na kutu kwenye flaiwili. Jaribu kwanza kuibandua: pasha injini, izime, nenda uwanja mpana usio na watu, tia gia, kanyaga klachi, washa likiwa ndani ya gia, kisha kanyaga na kuachia mafuta kwa vishindo.

Kabla ya kuagiza, jueni ukubwa. Roadster ya injini ya 1.6 ina pleti ya milimita 200, ya 1.8 iliyoanza mwaka 1993 ni 215. Andika namba ya chasisi, hesabu meno ya splaini, yale ya tundu la katikati ya pleti. Spea iliyokuja kimakosa kutoka Dar es Salaam inakula siku nyingine na nauli nyingine.

Kwenye Roadster kuna boriti ya alumini inayounganisha gia boksi na difu. Pima urefu wa boksi kutoka kwenye bodi kabla ya kuifungua, urudishe vilevile. Kwenye Subaru yenye tabo, beringi inavuta badala ya kusukuma, imenaswa kwenye vidole vya presha pleti. Shafti ya foku itoke kwanza, la sivyo utavuta boksi mpaka kesho. Pleti ya zamani ipimeni kutoka usoni hadi kichwa cha riveti: chini ya milimita 0.3, tupa. Ikiwa na mafuta, tafuta sili ya krenki au ya shafti ya boksi kabla ya kufunga mpya. Flaiwili yenye madoa ya bluu na nyufa ipelekwe kwa mkerezaji. Beringi ndogo ya katikati ya krenki badilisha, kwa sababu ikikwama inazungusha shafti hata klachi ikiachia, na wewe utarudi kulaumu pampu. Grisi kwenye splaini ni kiasi cha punje ya mbaazi, ifute inayozidi. Bolti za presha pleti kaza kwa kupishana, kidogo kidogo.

Na wakati wa kurudisha, boksi isining'inie kwenye shafti hata sekunde moja. Uzito wake unapinda pleti mpya, na pleti iliyopinda haiachii. Iwe juu ya jeki, inyooke, iingie kwa mkono. Ukiona unaivuta kwa bolti ili ikae, simama, kuna kitu hakijalingana.

Kelele nazisema kwa kifupi. Ikianza ukikanyaga pedali, mtuhumiwa wa kwanza ni beringi ya kuachia. Ikiwepo gari likiwa huru na kupotea ukikanyaga, ni beringi ya shafti ndani ya gia boksi, na hiyo si kazi ya klachi. Mtetemo wa kuondokea tutauzungumza siku nyingine. Leteni ile chupa na mpira mwembamba, mmoja apande kwenye usukani, tulitoe upepo gari hili kisha tupime kijiti tena.