Mgeni Njoo, Mwenyeji Yuko Wapi?

Asanteni, kaeni tafadhali. Nimeambiwa wengi wenu ni watembeza wageni na wafanyakazi wa makumbusho, na wapo waliotoka zamu wakaja moja kwa moja bila hata kunywa chai. Sitawachosha kwa nadharia. Nitazungumza habari za makumbusho ya Wayahudi, na najua yupo aliyejiuliza njiani: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu kuna swali ambalo nanyi mnaulizwa, ila wenzetu wa kule wameulizwa kwa ukali zaidi. Mgeni anakutazama usoni, anashusha macho kwenye kitambulisho kifuani, halafu anauliza kwa sauti ya chini: "Samahani, kwani wewe ni mmoja wao?" Aliyewahi kutembeza wageni Ngome ya Yesu, akaulizwa kama yeye ni wa upande wa Mreno au wa Mwomani, ananielewa.

Zamani swali hilo halikuwa na pa kutokea. Makumbusho ya kwanza ya Wayahudi yalianzishwa Vienna mwaka 1895, ya Prague yakafuata mwaka 1906. Yalikuwa mambo ya wenyewe kwa wenyewe. Mtaa wa kale wa Wayahudi wa Prague ulikuwa umebomolewa ili mji upangwe upya, masinagogi kadhaa yakaenda na vumbi, na mwanahistoria Salomon Hugo Lieben akaanza kukusanya vyombo vya ibada visije vikapotea.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hapa naomba tukae kidogo, maana anayezungumzia wafanyakazi wa makumbusho hawezi kuiruka Prague. Wanazi walipokuwa wakiwapeleka kambini Wayahudi wa Bohemia na Moravia, ambayo leo ni nchi ya Czech, mali za masinagogi yaliyobaki matupu zilihamishiwa Prague, na mwaka 1942 yakaundwa Makumbusho Makuu ya Wayahudi chini ya jicho la SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia mauaji ya Wayahudi. Waliopewa kazi ya kupokea, kupanga na kuorodhesha walikuwa Wayahudi wenyewe. Hebu ifikirieni kazi hiyo. Sanduku linafika, unalifungua, unatoa pazia la kabati la Torati, limetariziwa jina la familia iliyolitoa. Unaandika kadi: kitu gani, kimetoka mji gani, cha mwaka gani. Mji huo hauna tena Myahudi wa kukiulizia. Unaiweka kadi mahali pake, unafungua sanduku jingine. Tobias Jakobovits, mkutubi aliyeifanya kazi ile, aliuawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1944, na wenzake wengi waliishia hukohuko. Kadi zilibaki. Baada ya vita makumbusho yale yakachukuliwa na dola, mwaka 1950, na jumuiya ya Wayahudi haikurudishiwa hadi mwaka 1994.

Basi ndivyo ilivyokuwa: nyumba imebaki, wenyeji wamekwisha, na wageni wanabisha hodi. Ulaya ina makumbusho ya Wayahudi katika miji ambayo Wayahudi wake unaweza kuwahesabu. Anayefungua mlango, anayekata tiketi, hata mhifadhi anayeamua kipi kiwekwe kwenye kioo, mara nyingi si Myahudi. Anayeingia naye vilevile.

Twendeni Berlin. Makumbusho ya pale yana historia ya kusikitisha kiasi kwamba ukiitunga utaambiwa umezidisha: yalifunguliwa tarehe 24 Januari 1933, na siku sita baadaye Hitler akawa Kansela. Polisi wa siri waliyafunga Novemba 1938. Haya ya sasa, yaliyobuniwa na Daniel Libeskind, yalifunguliwa Septemba 2001. Ukienda, utatafuta mlango wa jengo lile la bati la zinki usiuone. Unaingilia jengo la zamani la jirani, mkoba wako unakaguliwa kama uwanja wa ndege, halafu unashuka ngazi hadi chini ya ardhi, ambako sakafu imeinama kidogo, miguu ikajua kabla ya kichwa kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Mbele zaidi kuna uwazi mrefu kwenda juu, na sakafuni mmetapakaa nyuso za chuma zaidi ya 10,000, kazi ya Menashe Kadishman. Kila uso umefumbua mdomo. Unaruhusiwa kuzikanyaga.

Niliposimama pale walikuja watoto wa shule. Wakaingia mbio, na chuma kikalia, kelele kama sufuria zinazoporomoka kisimani. Mwalimu wao akageuka mwekundu, akaanza kuwafokea. Mtembezaji, kijana wa makumbusho, akamgusa mwalimu mkono na kumwambia awaache. Walitulia wenyewe, mmoja baada ya mwingine, walipoona wanachokanyaga. Yule kijana hakusema neno. Sikumuuliza yeye ni nani, ingawa nakiri lilinijia mdomoni.

Wenyewe wa Berlin waliamua mwaka 2013 kulitoa swali hilo nje. Waliandaa maonyesho yaliyotokana na maswali ya wageni kuhusu Wayahudi, pamoja na yale ya aibu. Ndani yake waliweka sanduku la kioo lililo wazi upande wa mbele, na kwa saa kama mbili kwa siku mtu Myahudi aliketi humo, mgeni akawa huru kumwuliza lolote. Mnaweza kukisia kilichofuata. Viongozi wa Kiyahudi wakawaka. Mmoja akauliza kwa kejeli, mbona hawampi na ndizi na maji ya kunywa. Wengine wakakumbuka kwamba Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyepanga safari za Wayahudi kwenda kuuawa, naye alikaa ndani ya kioo mahakamani Jerusalem. Mimi sanduku lile silipendi. Lakini nimekaa nalo kichwani miaka yote hii, na naona lilisema kweli moja chungu: Myahudi anayefanya kazi kwenye makumbusho ya Wayahudi anatazamwa kama kionyeshwa hata pasipo kioo. Kule angalau alijua ni kwa muda wa saa mbili tu, kisha anatoka zake.

Na hao Wayahudi wa Berlin wenyewe si walewale. Hili husahaulika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wapatao 200,000, Wayahudi na jamaa zao, walihamia Ujerumani kutoka iliyokuwa Muungano wa Kisovieti, wakawazidi kwa mbali waliokuwapo. Mzee aliyepigana katika Jeshi Jekundu, jeshi la Kisovieti lililowashinda Wanazi, haikumbuki vita kama mtu aliyeshindwa. Ana medali kabatini, na sikukuu yake ni tarehe 9 Mei, siku ya ushindi. Umwambie nini mzee huyo kwenye ukumbi wa mauaji ya halaiki tu? Anatafuta sura yake ukutani, haioni. Kwa hiyo msidhani ukimpata mfanyakazi Myahudi umemaliza kazi.

Upande wa pili wa mlango kuna Kreuzberg, mtaa wenye familia nyingi zenye asili ya Uturuki. Watoto wao huletwa kwenye ziara za shule, na wengine huambiwa, kwa adabu au bila adabu, kwamba hii ni historia ya Wajerumani, yao iko kwingine. Mwaka 2012 makumbusho yalifungua chuo chao ng'ambo ya barabara, ndani ya ukumbi uliokuwa soko la maua la jumla, kikajishughulisha pia na uhamiaji na maisha ya jamii ndogo nyingine, Waislamu wakiwemo. Wapo waliolalamika kwamba nyumba inasahau jina lake. Mwaka 2019 mkurugenzi, Peter Schäfer, ambaye si Myahudi ila ni mtaalamu mkubwa wa dini ya Kiyahudi, alijiuzulu baada ya ujumbe mmoja wa Twitter wa makumbusho kuhusu siasa za Israel kuzua kishindo. Aliyemfuata, Hetty Berg, alitoka makumbusho ya Amsterdam.

Warsaw nitapita haraka. Makumbusho ya POLIN, ya historia ya Wayahudi wa Poland, yana wenye mali watatu: wizara, jiji na chama cha Kiyahudi cha historia. Mkurugenzi Dariusz Stola alishinda mchujo mwaka 2019 ili aendelee, waziri akakataa kusaini, na Februari 2020 Stola akajitoa. Mwaka 2018 makumbusho yalikuwa yameonyesha jinsi Poland ilivyowafukuzia mbali Wayahudi wake kuanzia 1968, na serikali haikufurahi. Chungu cha watu watatu, kila mmoja na mwiko wake.

Nisisahau kwamba kazi hii inaua. Mwezi Mei 2014 mtu mwenye silaha aliingia Makumbusho ya Wayahudi ya Brussels akaua watu wanne: wawili watalii, wawili watu wa makumbusho yenyewe. Mashine ya kukagulia mikoba tunayoilalamikia ina sababu yake.

Nimalizie Afrika. Casablanca, mtaa wa makazi tulivu, kuna nyumba iliyokuwa ya kulelea watoto yatima wa Kiyahudi. Tangu 1997 ni makumbusho ya Wayahudi wa Morocco. Katikati ya karne iliyopita Wayahudi wa nchi ile walipita 200,000, leo ni elfu chache. Mwasisi wake mmojawapo, Simon Lévy, Myahudi na mpigania uhuru wa Morocco, alimfundisha kazi mhifadhi kijana, Zhor Rehihil, Mwislamu. Lévy alifariki mwaka 2011. Rehihil akabaki na funguo, na wanafunzi wa Morocco wakiingia kuona mavazi ya harusi, taa na hati za Torati, yeye huwaeleza kama habari za nyumbani kwao, maana ndivyo zilivyo.

Haya, naona mikono imeshaanza. Tuanze na mama pale dirishani.