"Ile Hela Itume Kwenye Namba Hii": mazungumzo na wanavikoba wa Mwanjelwa, Mbeya

Mugonile, akina mama. Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ananikazia macho kwa sababu anakumbuka ya mara iliyopita.

Kila mwenye simu hapa ameshaupata ule ujumbe: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Mnacheka. Mnasema, nani huyo mjinga wa kutuma? Hapo ndipo ninapogombana na watu kila siku. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa hela kwa simu. Wanaokuja kulia dirishani kwangu si wajinga. Ni mtu ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa anadaiwa kodi kweli, au kamwahidi kaka yake wa Tukuyu hela ya mbolea. Tapeli hakujui. Kamwaga ujumbe kwa watu chungu nzima, wewe umekukuta na deni lako mkononi. Na oneni ufundi wa hilo "jina litakuja". Anajua utaonyeshwa jina la mwenye laini kabla hujaweka namba ya siri, kwa hiyo anakutajia mapema ili ukiliona usishtuke, uone ndilo lenyewe.

Vijana huniambia, "Mama, hao ni wa kuchezea tu." Mwanangu wa pili ndiye bingwa wao. Kuna siku alishinda na tapeli mchana kutwa. Mara anamwambia yuko njiani kwa wakala. Mara bajaji imezima Mafiati. Mara wakala hana floti. Mara, "Ulisema laki tano au sita, bosi?" Yule bwana alichemka, akatukana hadi mababu, nasi tukacheka mpaka nikamsahau mteja dirishani. Ili kunogesha, kijana akaupiga picha ujumbe wa muamala wangu wa zamani, akabadilisha kiasi, akamtumia. Jina langu na namba yangu kaviacha hapo hapo!

Siku ya tatu napigiwa. Mtu ananisalimia kwa Kinyakyusa safi (wale mnaosema matapeli wako Rukwa na Morogoro tu kwa kuwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeitaja sana mikoa hiyo, sikieni hilo), ananitajia jina langu lote. "Mama, mwanao tunaye kituoni, laki mbili tuyamalize kabla hajaingizwa ndani." Mimi huyu, ninayewafundisha ninyi! Nilishaandika kiasi. Imebaki namba ya siri. Kijana akatokea uani anatafuna hindi la kuchoma.

Kwa hiyo msichezeane nao. Kila uongo unaomtungia unabeba kipande cha ukweli wako, naye ana muda kuliko wewe.

Mengine haraka haraka. Ukiambiwa "nimekosea kutuma, nirudishie", usisome ujumbe, angalia salio. Huduma kwa wateja hupiga kwa 100, si kwa namba ya mtu. Piga *106# ujue laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mtasema sheria ipo. Ipo, ya makosa ya mtandao, ya mwaka 2015, lakini hela ikishatolewa kwa wakala mwingine mnaifuata wapi? Na DECI, ule upatu wa utapeli wa 2009, ya kupanda mbegu na kuvuna, nilitaka niieleze vizuri maana mbegu hizo zinarudi kila mwaka na jina jipya...

Haya, mwenyekiti kagonga meza. Mama wa kitenge cha bluu, uliyecheka kuliko wote, lete simu yako hapa. Huo ujumbe wa jana tuupeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli, sasa hivi, wenzako wakiona.