Mkia Mzito Haurushwi

Asanteni. Nimeombwa nieleze jinsi ya kuunganisha ndege ya kwanza ya rimoti, hatua kwa hatua, kuanzia kufungua boksi. Sitafanya hivyo. Hatua zimo kwenye kikaratasi cha boksini, zina picha, na nyote mnajua kusoma. Mimi nimekuja kusemea kitu ambacho kikaratasi hicho hukipa mstari mmoja mwishoni kabisa, wakati umeshachoka na mikono inawasha kutaka kurusha: kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ukiinyanyua, mbele na nyuma zikilingana. Walionisikia mwaka jana wanivumilie. Mngekuwa mnapima, ningeshaacha kusema.

Chukua ndege ya mwanafunzi, ile yenye bawa juu ya kiwiliwili. Chini ya bawa huwa kuna alama mbili ndogo, moja kushoto, moja kulia. Kama hazipo, chora. Pima bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Ikiwa ni bawa la mstatili na hapo pana sentimita 20, alama ziwe sentimita 5 hadi 6 kutoka mbele. Robo, au robo na kidogo. Weka ncha za vidole kwenye alama, inyanyue. Pua ikiinama kidogo, vizuri. Mkia ukishuka, hiyo ndege haiendi uwanjani.

Na kila kitu kiwemo: magurudumu, pangaboi, kifuniko cha mota, vibandiko vyenu vya mapambo, na betri, waya wake usiwe umechomekwa. Kuna watu hupima bila betri, eti kwa sababu betri inaharibu mizani. Sasa angani utaiacha wapi?

Wazee hapa wanaukumbuka mzegamzega: mti begani, debe la maji huku na debe huku. Debe moja likipungua maji, mchukuzi hakuongeza mawe, alisogeza mti tu, upande mwepesi ukawa mrefu. Ndege ni hivyohivyo, isipokuwa bega halisogei. Mkia uko mbali na bega, pua iko karibu. Kama mkia uko sentimita 60 nyuma ya alama na pua sentimita 20 mbele, kila gramu moja ya mkiani inadai gramu tatu puani.

Hapo ndipo namkumbuka kijana mmoja. Fundi mzuri, gundi yake safi, nyaya zimepangwa. Ndege aliipima, ikakaa sawa, akafurahi. Usiku akaona mkia mweupe haupendezi. Akachukua rangi ya mafuta, ile ya kupakia mageti, akapaka kijani. Ikakauka, akaona haijakolea, akapaka tena. Kisha mstari wa njano. Kisha, kwa kuwa anajua foamu huvunjika, akazungushia selotepu ile pana. Asubuhi tuko uwanjani, namuuliza, umepima? Ananijibu, "Nilipima, mwalimu." Na kweli alipima! Alipima ndege nyingine, ya jana. Nikamwambia apime tena, akaona namchelewesha mbele ya wenzake. Akairusha. Ilipanda vizuri mno, na mnaojua mnacheka tayari. Ikaendelea kupanda, pua juu, juu zaidi, yeye anasukuma kijiti cha rimoti mbele hadi mwisho, kuishusha pua, ndege haisikii. Kasi ikaisha, bawa likaacha kubeba, ikageuka ubavu ikaja chini. Rangi na selotepu tuseme ni gramu 15. Puani angehitaji gramu 45. Jumla gramu 60 za kubeba bure, kwa ajili ya kijani.

Kwa nini ilimkatalia? Ndege yenye uzito mbele, upepo ukiinua pua, mkia unairudisha yenyewe. Ukisogeza kitovu nyuma kupita kiasi, kazi hiyo inageuka: pua ikiinuka kidogo, hewa inaiinua zaidi. Ndege ya pua nzito hurushwa kwa taabu, inataka mbio, inatua kwa kishindo. Ya mkia mzito hurushwa mara moja.

Najua kuna mmoja hapo nyuma anasema moyoni, mzee, siku hizi kuna jairo, kile kifaa kinachohisi ndege ikiinama, inasawazisha yenyewe. Jairo inasawazisha kwa kutumia nini? Kwa elevata hiyohiyo ya mkiani, kile kibao kinachoinua na kushusha pua. Elevata ikishafika mwisho, jairo nayo imefika mwisho. Na ndege ikipunguza kasi, elevata haina hewa ya kusukuma. Jairo haihamishi uzito.

Wala msidhani hili ni tatizo la wanafunzi. Orville na Wilbur Wright, wale ndugu wa Marekani waliounda ndege ya injini, walikwisha kuruka mwaka 1903. Mwaka 1904, kule Ohio, ndege yao ya pili ikawa inapanda na kushuka bila kutulia. Walikuwa wamesogeza uzito nyuma. Dawa ikawa kufunga vyuma mbele, kilo 30 na ushee. Na mliopanda vile videge vidogo vya kwenda Mafia, mlipopimwa uzito mkapangiwa viti, mlidhani ni heshima?

Sasa, kabla ya kukimbilia vyuma, sogeza betri. Ndege ya gramu 1,080 yenye betri ya gramu 180: betri ni moja ya sita. Isogeze mbele sentimita 3, kitovu kinasogea nusu sentimita. Bure kabisa. Ukiona imekaa sawa, weka alama ya kalamu ndani ya kiwiliwili, na betri irudi palepale kila siku.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka. Mkichomeka betri kujaribu mitambo, pangaboi litoke kwanza, mota haina adabu. Simama nyuma ya ndege: kijiti kulia, eleroni ya kulia, kile kibao cha nyuma ya bawa, ipande, vuta kijiti kwako, elevata ipande. Ikifanya kinyume, geuza kwenye rimoti, usijiambie utakumbuka angani. Supaglu ya kawaida inakula foamu nyeupe ya kufungashia televisheni. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Betri za lipo, yaani hizi za lithiamu za ndege, haziachwi zikichaji usiku mmelala. Kusi likivuma, mchana si wenu, nendeni alfajiri, na ndege iondoke ikitazama upepo.

Kibali cha kurusha? TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, mapema, kabla ya kuchagua uwanja. Ningetaka kusema zaidi hapo lakini muda umekwisha.

Maswali tutayafanya huku tunapima. Waliokuja na ndege wazilete mezani, betri ndani. Wewe mwenye mkia wenye bendera, tangulia.