Mnara wa Bothwell uliobomolewa na mwenyewe

Ndugu zangu huko nyumbani, hamjambo? Leo niko Uskochi, juu ya mto Clyde, kusini-mashariki mwa Glasgow. Hii ni ngome ya Bothwell. Tazameni mnara huu: mawe mekundu, kuta zenye unene wa karibu mita 5. Sasa nazunguka upande wa pili. Mnaona? Nusu nzima haipo.

Msidhani ni uzee. Nusu hiyo ilibomolewa makusudi, na aliyeamuru ndiye mwenye ngome.

Ukoo wa Moray ulianza ujenzi katika karne ya 13. Vita na Waingereza vikalipuka mwaka 1296, kazi haijaisha. Septemba 1301 mfalme wa Uingereza, Edward I, akaizingira na askari wapatao 6,800. Mafundi wake walikuwa wameunda mnara wa mbao kule Glasgow, ukakokotwa mpaka hapa ili askari wavukie ukutani. Mwezi haukutimia, ngome ikasalimu amri. Waskoti waliipata tena baada ya ushindi wa Bannockburn, 1314, na mwaka 1336 Edward III akaikalia.

Hapo ndipo anapoingia Sir Andrew Murray, wa ukoo ule ule wa Moray. Baba yake alipigana pamoja na William Wallace, kiongozi wa Waskoti dhidi ya Waingereza, pale Stirling mwaka 1297, akafa kabla mtoto hajazaliwa. Mwaka 1337 mtoto huyo, sasa ndiye msimamizi wa ufalme, akaikomboa Bothwell, urithi wake halali. Kisha akaivunja! Hakuwa na watu wa kulinda kila ngome, na ngome isiyolindwa adui huirudia. Ngome ya Dunnottar nayo aliifanyia hivyo hivyo. Lakini hii ilikuwa ya babu zake, jamani. Kwangu mimi, ujasiri wake mkubwa kuliko wote uko kwenye ukuta huu uliokatika.

Baadaye akina Douglas walioa katika ukoo huo, wakajenga upya sehemu kubwa. Mnara wakauziba tu kwa ukuta ulionyooka.

Ng'ambo ile ni Blantyre, alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813. Inasimuliwa kwamba utotoni alikwea magofu haya akachonga jina lake juu kuliko wenzake. Ndiye yule ambaye Chuma, Susi na wenzao walibeba mwili wake hadi Bagamoyo, 1874. Nyumba aliyozaliwa sasa ni makumbusho, na video ijayo nitavuka mto niwaonyeshe. Maswali yenu yaandikeni hapo chini, wanangu wa Bagamoyo mtangulie.