Hoover, Krokodil, Mchongoko: treni na majina yake ya utani

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojaa hapo ngazini. Najua kuna mtu ashaanza kujiuliza, Lamu hii haijapita treni hata siku moja, huyu atuitia mambo ya treni ya nini? Basi jibu ni kwamba kwenye ule mpango wa LAPSSET, wa bandari, barabara na reli, uliozinduliwa hapa hapa 2012 reli imo, kutoka bandarini kwenda Isiolo na kuendelea, bandari yenyewe ilianza kupokea meli 2021, reli bado haijajengwa lakini imo, na mimi treni nazipenda mno kwahivyo leo mtanivumilia.

Nataka tuzungumze majina. Si yale ya kwenye tiketi, ni yale ambayo watu hulipatia gari la moshi wenyewe kwa kuliona na kulisikia kila siku.

Tuanze Uingereza manake huko mashabiki wamekithiri. Mtu tangu utotoni anasimama mwisho wa platfomu na daftari lake, mvua baridi yeye yupo, anaandika namba za vichwa vya treni. Sasa shirika la reli la huko lilipanga vichwa vyake vya dizeli kwa namba tu, Class 20, Class 37, Class 40, Class 50, kavu hivo hivo. Mashabiki wakaenda kwa sikio. Class 40 wakaiita Whistler, mpiga mluzi, kwa sababu turbo ya injini yake ilikuwa ikitoa mluzi mwembamba hata treni imesimama. Class 20 ni Chopper, manake ukifumba macho utasema helikopta yapita. Class 37 ni Growler, ile inayonguruma, na wengine wakaiita Tractor, na ukiisikia ikipanda mlima na mzigo utawapa haki wote wawili.

Lakini hii Class 50 ndio nataka tukae nayo kidogo. Vilijengwa vichwa 50, mwaka 1967 na 1968, na ndani vilikuwa na feni za kuvuta hewa ya nje na kuichuja vumbi kabla haijaingia kwenye chumba cha injini. Zile feni zikizunguka zinalia vuuuu, sawasawa na mashine ya umeme ya kufyonza vumbi kwenye zulia, ambayo Waingereza wengi huiita Hoover kwa jina la kampuni. Basi, ikawa Hoover. Halafu kufika mwishoni mwa miaka ya 70 mafundi wakaanza kuvifanyia ukarabati mkubwa na moja ya vitu walivyong'oa ni ile mitambo ya kuchuja hewa, kwahivyo ile vuuuu ikaisha kabisa. Jina halikung'oka. Kuna shabiki amezaliwa baada ya hapo, anaviita Hoover leo hii na sauti iliyozaa hilo jina hakuikuta, na mimi hapo ndipo penye raha yote ya jambo hili, manake chuma kinaenda kwenye skrepa, sauti inaenda, na jina la utani linabaki likikwambia kitu kilikuwa kikiliaje.

Na kitu kimoja kinaweza kuwa na majina kila nchi. Wasovieti walikuwa na dizeli yao M62, wakaiuza kote Ulaya ya Mashariki. Wahungari wakaiita Szergej, jina la mwanamume wa Kirusi. Wapoland wakaiita Gagarin, yule aliyekwenda angani 1961. Ujerumani Mashariki zilipoanza kufika zile za mwanzo hazikuwa na sailensa, watu walio karibu na reli wakakosa usingizi, wakaipa jina Taigatrommel, yaani ngoma ya taiga, ile misitu mikubwa ya kaskazini mwa Urusi. Kwangu mimi hakuna jina zuri kuliko hili, lina kelele ndani yake, lina kule ilikotoka, na lina malalamiko ya watu wasiolala.

Wengine huangalia umbo. Uswisi kuna vile vichwa vya umeme vya njia ya milima ya Gotthard, vilianza kujengwa 1919, vina pua ndefu mbele na nyuma na viungo katikati vya kupindia kona, wakaviita Krokodil, na cha ajabu mwanzo vilikuwa rangi ya kahawia, kijani kilikuja baadaye. Majirani zetu Tanzania nao hawakulala, treni yao mpya ya umeme ya SGR iliyoanza safari 2024 ina pua iliyochongoka, wananchi wakaiita Mchongoko, na shirika lenyewe likalikubali.

Na Marekani 1941, kiwandani Schenectady, walikuwa wanamalizia dude la mvuke la kampuni ya Union Pacific, urefu karibu mita 40 pamoja na tenda lake, lile behewa la makaa na maji. Inasemekana wakubwa walitaka kuliita Wasatch kwa jina la milima. Fundi mmoja, jina lake halikuhifadhiwa, akachukua chaki akaandika pale usoni kwa injini: Big Boy. Zikajengwa 25, zote Big Boy, na moja, namba 4014, ilifufuliwa 2019 na watu husafiri mbali kwenda kuiangalia.

Sasa rudini kwetu. Reli ya Mombasa kwenda Kisumu iliyojengwa 1896 mpaka 1901, watalii huiita Lunatic Express. Mimi jina hilo silipendi na nasema wazi. Lilitokana na shairi la mbunge wa Uingereza, Labouchere, aliyekuwa akipinga gharama, halafu likavuma baada ya mwandishi Mmarekani kukipa kitabu chake jina hilo mwaka 1971. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India na karibu 2,500 wakafa, na jina lililopata umaarufu ni la mtu wa mbali!

Baadaye kwenye reli hiyo hiyo zikaja zile Class 59 za mvuke, 34, kutoka Manchester 1955 na 1956, tani 250 na ushei kila moja, boila moja kubwa katikati na injini mbili chini, mbele na nyuma, ndio ziliweza kupandisha mizigo kutoka baharini mpaka Nairobi. Zilipewa vibao vya majina ya milima, na moja, Mount Gelai, iko makumbusho ya reli Nairobi, kijana ukienda usikose kuigusa. Lakini vibao ni vya ofisini. Waliozipaka grisi na kuzipandisha Mazeras usiku walikuwa na majina yao.

Ndio manake nimemwomba huyu mzee wetu aliyekaa hapa mbele aje, ujanani alikuwa reli Mombasa. Vijana washeni simu, rekodini. Mzee wangu, shika maiki, tuambie zile 59 pale shedi mkiziita nani.